Kabla Hujanunua Dirhamu ya Yemen: Kwa Wanaoanza Kukusanya

Wanaoanza huniuliza zaidi kama sarafu fulani ni halisi au ya kughushi. Swali zuri, na majibu yake yanajifunzika. Ila kwa vitu vya Yemen siku hizi mimi naanza na jingine: kilitoka Yemen lini, na karatasi ya kuthibitisha hivyo iko wapi? Muuzaji akikwama hapo, uhalisi wa sarafu yake haunihusu tena.

Naelewa kinachowavuta watu wa mwambao, na jamaa zetu walioko Muscat na Dubai, kwenye enzi ya Warasuli, waliotawala Yemen tangu 1229 hadi 1454. Msafiri Ibn Battuta alifika kwa sultani wao, al-Mujahid Ali, karibu mwaka 1331, akashuka Aden, kisha akaja kwetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Vyombo vya manjano vyenye michoro myeusi vilivyofinyangwa upande wa Aden vimechimbuliwa Gedi, Shanga na Kilwa. Na dirhamu zao, yaani sarafu zao za fedha, zina picha, jambo lisilo la kawaida kwa sarafu za Kiislamu: samaki kwa zilizopigwa Aden, simba kwa al-Mahjam, ndege kwa Zabid, mtu aliyeketi kwa Taiz. Nyingi si ghali. Hapo ndipo mgeni anapoponzwa, kwa kuwa hafikirii kwamba kitu cha bei ndogo kinaweza kuzaa kesi kubwa.

Tarehe za kushika kichwani ni hizi. Waasi wa Kihouthi waliiteka Sanaa Septemba 2014, na mashambulizi ya anga ya muungano ulioongozwa na Saudi Arabia yakaanza Machi 2015. Mwaka huohuo bomu liliyabomoa makumbusho ya Dhamar, yaliyokuwa na vitu zaidi ya 12,000, na ngome ya al-Qahira iliyo juu ya Taiz ikapigwa. Mwaka 2016 makumbusho ya Taiz yakaungua. Taiz ndio uliokuwa mji mkuu wa Warasuli. Ukiletewa leo sarafu yenye yule mtu aliyeketi, isiyojulikana ilikuwa wapi kabla ya miaka hiyo, unajua inakoweza kuwa imetoka.

Jifunze kutazama fungu zima kabla ya kutazama sarafu moja. Ukiona muuzaji ana dirhamu kadhaa zenye udongo wa rangi moja, kutu ya kijani ya aina moja, karakana moja ya kupigia sarafu na miaka inayofuatana, hiyo ni hazina iliyofukiwa pamoja na kufukuliwa pamoja, tena juzijuzi. Mkusanyaji wa zamani hakusanyi hivyo. Yeye huchukua moja ya Aden, moja ya Zabid, anaruka, anarudi, na nyingi za kwake zimeshasafishwa na kushikwashikwa hadi zimeng'aa kingo. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia "mkusanyo wa familia ya Ulaya" au "mali ya babu". Babu huyu ana wajukuu wengi sana sokoni. Mwombe jina la mnada, mwaka na namba ya bidhaa kwenye katalogi. Akisema mteja wake anataka faragha, mwache na faragha yake.

Karatasi ninazozikubali ni katalogi ya mnada iliyochapishwa kabla ya vita, risiti yenye tarehe, au vile vikadi vidogo vya mkono ambavyo wakusanyaji wa zamani waliviweka pamoja na sarafu. Katalogi yenye picha ndiyo bora kuliko zote. Dirhamu hizi zilipigwa kwa nyundo, kwa hiyo kila moja ina ufa wake, ukingo wake uliopinda, na herufi zilizokatika mahali pake, kama alama za vidole. Weka picha ya zamani kando ya sarafu uliyonayo na uzifuate kingo pole pole. Risiti peke yake naiamini kidogo, kwa sababu inatengenezeka. Angalia anwani na namba ya simu iliyo juu yake: je, mwaka ulioandikwa, namba za mji ule zilikuwa na tarakimu ngapi? Waghushi wengi hushughulikia maandishi wakaisahau simu.

Ukitaka kuona historia safi ya umiliki inavyokuwa, tafuta jiko la makaa la shaba la Sultani al-Muzaffar Yusuf lililoko makumbusho ya Metropolitan, New York. Lina ua la petali tano, nembo ya Warasuli, na liliingia pale mwaka 1891 kwa wasia wa Edward C. Moore. Hutapata kitu kama hicho, wala mimi. Lakini ule mstari mmoja, nani alikuwa nacho na mwaka gani, hata sarafu ya bei ndogo inaweza kuwa nao.

Miswada usiiguse kabisa. Hapa sina subira na ubishi. Sehemu kubwa ya misahafu na vitabu vya misikiti na madrasa ni wakfu, na wakfu hauuzwi, vita iwepo au isiwepo. Maandishi ya wakfu mara nyingi huwa kwenye kurasa za mwanzo, ndiyo maana vitabu vya wizi huja vimenyofolewa ukurasa wa kwanza, au huuzwa karatasi mojamoja. Mwaka 2023 Marekani iliirudishia Yemen vitu 77 vilivyokamatwa, kurasa 11 za Kurani zikiwemo, na kwa makubaliano na serikali ya Yemen vikawekwa kwa muda kwenye makumbusho ya Smithsonian, hukohuko Marekani, kwa sababu ya vita.

Sheria zimebana, na anayeagiza kwa posta ndiye wa kwanza kunaswa. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilitoa mwaka 2018 Orodha Nyekundu ya dharura ya Yemen, yenye picha za aina za vitu vilivyo hatarini kuporwa. Ipakue uikariri picha zake. Marekani iliweka vikwazo vya kuingiza vitu vya kale vya Yemen Februari 2020. Umoja wa Ulaya, tangu 28 Juni 2025, unataka kibali kwa vitu vya kiakiolojia vya zaidi ya miaka 250 kutoka nje ya umoja huo, hata kama bei ni ndogo. Na muuzaji akikuambia ataandika "mapambo" kwenye fomu ya forodha ili usisumbuliwe, ghairi palepale. Hobby Lobby, kampuni kubwa ya Marekani, iliagiza vitu vya kale vya Iraki vikaandikwa kuwa ni sampuli za vigae. Mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 3 na kuvisalimisha maelfu ya vitu.

Wako watakaokwambia kununua ni kuokoa. Hazina ikichimbwa na mtaalamu, sarafu changa kuliko zote humwonyesha takriban ilifukiwa lini, na pengine kwa kumkimbia nani. Ikishagawanywa vifurushi vya tano tano, habari hiyo imekufa, na pesa yako imemlipa mchimbaji ashike jembe tena usiku unaofuata. Sijui hapo kimeokolewa kipi.

Kwa wenzangu wa Kenya na Tanzania: vile vipande vya vyombo vya manjano ukivikuta ufukweni au kwenye magofu, viache vilipo. Sheria za mambo ya kale zinavilinda hapa nyumbani pia. Ukitaka kuvizoea macho, nenda Fort Jesus au makumbusho ya Gedi.

Na kama tayari unacho kitu usichokiamini, usikiuze, maana hapo unaongeza kosa. Kipige picha pande zote, kipime uzito, andika ulikinunua kwa nani, lini, kwa bei gani, na uhifadhi mawasiliano yote. Kisha tafuta wakili kabla ya kuuandikia ubalozi wa Yemen. Idara ya mambo ya kale imegawanyika kati ya Sanaa na Aden, hivyo ubalozi ndio mlango ulio rahisi kuubisha.