Weka Tupa Chini Kwanza: Maswali Kuhusu Swichi ya Usalama ya AR-15

Karibu maswali yote ya safari hii yanatoka kwa wasomaji wa Marekani waliojiunganishia bunduki ya AR-15 nyumbani. Kabla ya lolote, toa magazini, vuta bolti, chungulia chemba (mahali risasi inapokaa) kisha uiguse kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine.

Swichi haiendi kabisa kwenye SAFE (salama). Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Nyundo, ile inayopiga ili risasi ilipuke, imelala, na ikilala swichi haiendi SAFE. Ikoki, yaani ivute nyuma hadi inase. Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile.

Nimefunga mshiko mpya, sasa swichi ni ngumu na inakwaruza.

Ndani ya mshiko mna springi inayosukuma kipini chenye ncha kwenye swichi. Legeza skrubu, ushushe mshiko taratibu springi isije ikaruka. Mara nyingi utaikuta imejikunja, kwa sababu mshiko ulishindiliwa kabla haijakaa sawa kwenye tundu lake. Weka mpya, usiinyooshe. Kagua na kipini: ncha inaelekea juu, kwenye swichi. Ukigeuza bunduki, kidondoke chenyewe. Kikikwama, tundu lina rangi au uchafu. Safisha kwa pamba na kiyeyushi. Usichokonoe kwa drili, maana tundu likipanuka halirudi.

Sasa zungusha swichi bila kipini wala springi. Ikiwa bado ngumu, acha kulaumu mshiko. Soma jibu linalofuata.

Nimebadilisha kifyatulio na swichi inabana. Nipige tupa wapi?

Mbona kila mtu anaanza na tupa? Mhimili wa swichi hukalia mkia wa kifyatulio ili usinyanyuke. Mkia ukikaa juu mno, swichi inabana. Kama kifyatulio ni cha boksi zima, yaani kimekuja kimeunganishwa tayari na nyundo yake, huenda umekaza mno skrubu zake ndogo za chini, zikaliinua boksi. Zilegeze, libonyeze likae, kaza kiasi. Ukiukwangua mkia kupita kiasi, swichi itaonyesha SAFE huku kifyatulio kinavutika. Na pale nyundo inaponasa usipaguse kamwe. Kazi hiyo mpelekee fundi wa silaha.

Nikate koili moja ya springi?

Hapana. Swichi italegea, itasukumwa na nguo hadi FIRE (kufyatua).

Oili gani?

Ya bunduki, tone moja kwenye mhimili na jingine kwenye kipini.

Nitajuaje imepona?

Bila risasi, koki, weka SAFE, vuta kifyatulio kwa nguvu: nyundo isianguke. Peleka FIRE bila kugusa kifyatulio: isianguke. Vuta: ianguke. Shikilia hivyohivyo, koki tena, achia polepole: usikie mlio mdogo, nyundo ibaki juu. Sehemu ya juu ya bunduki ikiwa imetolewa, izuie nyundo kwa kidole gumba, isigonge fremu. Hatua moja ikishindikana, bunduki hiyo haiendi uwanja wa shabaha.

Niko Arusha, naweza kuunganisha yangu?

Hapana. Kutengeneza silaha bila leseni ni kosa la jinai Tanzania, hata ukiwa na vipuri vyote mezani.