Maswali ya wasomaji: Picha moja kila siku

SWALI: Mara tatu nimeanza kupiga picha moja kila siku kwa simu, na mara zote nimekwama kabla ya wiki mbili kwisha. Kazi yangu iko Mji wa Kale, Mombasa. Nakosea wapi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Unajichosha kwa kusaka kitu kipya kila siku. Chagua kitu kimoja unachokipita ukienda kazini, na saa ileile, usibadilishe kwa siku 30. Kwa Mji wa Kale chaguo letu ni mlango wa nakshi. Nakshi huonekana jua linapopita ubavuni mwa ubao, kila ua likatupa kivuli chake. Jua likiupiga mlango usoni, au wingu likitanda, maua yote hulala.

Mombasa iko karibu digrii 4 kusini mwa Ikweta. Basi kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na Novemba hadi Januari hupita kusini. Mlango unaotazama kaskazini, ambao adhuhuri ya Desemba uko kivulini, mwezi wa Juni hushukiwa na jua kutoka juu, na nakshi za mfaa, ule ubao wa wima katikati ya mlango, zikachomoza moja moja. Ndiyo maana tunasisitiza mlango mmoja: mlango ni uleule, mwanga ndio unaobadilika.

Shika simu wima, usawa wa kifua. Ukiilaza nyuma ili upate kizingiti cha juu, miimo ya pande mbili itaonekana kama inataka kukutana. Afadhali urudi nyuma hatua mbili. Gusa ubao kwenye skrini, si ukuta wa chokaa, maana simu ikiufuata ule weupe itaufanya mlango kuwa mweusi. Shikilia kidole hadi mwanga ujifunge.

Piga tatu, bakisha moja papo hapo. Hapa ndipo wengi huachia njiani: picha 20 za kuchagua usiku ni mzigo, na mzigo huo ukilala siku mbili haushikiki tena. Nafasi isikutishe. Picha ya simu ikiwa MB 4, za mwaka mzima hazifiki hata GB 1.5. Zihamishe kwenye kompyuta kila Jumapili.

SWALI: Asubuhi picha zangu hutoka na ukungu. Nikipangusa lenzi, unarudi.
Msomaji, Nyali

JIBU: Bila shaka simu imelala kwenye kiyoyozi. Kioo cha baridi kikikutana na hewa yetu yenye unyevu, hushika matone, na yatarudi mpaka kioo chenyewe kipate joto. Itoe nje dakika 15 kabla ya kupiga. Ukungu ukiwa ndani ya kioo, maji yameingia: izime uipeleke kwa fundi.

Ukitoka ufukweni usipanguse lenzi kavu, chembe za chumvi hukwaruza. Tumia kitambaa laini kilicholowa kidogo maji ya kunywa, halafu kikavu.

SWALI: Wauzaji wa kahawa hukasirika nikiwapiga picha. Nifanyeje?
Msomaji, Majengo

JIBU: Simu ikae mfukoni kwanza. Salimu, agiza kikombe, keti, kisha uombe. Piga moja, umwonyeshe, na asipoipenda uifute mbele yake. Mtoto aombewe kwa mzazi. Kivukoni Likoni, bandarini na penye askari, usiitoe simu kabisa.