Kitabu hadimu kinamtumikia nani?

Msomaji wa Morogoro anafasiri maelezo ya maonyesho ya vitabu vya kale, na amekwama kwenye kitabu cha Conrad Gessner, mtaalamu wa viumbe wa Uswisi, kilichopigwa chapa Zürich mwaka 1565, De rerum fossilium. Anauliza: "Niseme ni kitabu cha fosili au cha visukuku? Nimeandika hivi: Hiki ni kitabu hadimu sana kuhusu visukuku, mawe na vito. Tena, je, neno hadimu huchukua viambishi vya ngeli?"

La fosili nitalijibu upesi, maana katika sentensi hiyo kuna herufi moja inayonikera kuliko fosili zote za Ulaya.

Kwa maana ya leo, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, fosili na kisukuku yote ni sawa. Mimi napenda kisukuku, ila sitagombana na mtu. Tatizo ni kwamba Gessner hakuandika kwa maana ya leo. Neno lake la Kilatini, fossilium, limetokana na kitenzi cha kuchimba, na zamani zile lilibeba chochote kilichofukuliwa ardhini. Georgius Agricola, mtaalamu wa madini wa Ujerumani aliyemtangulia kwa De natura fossilium mwaka 1546, aliweka humo udongo, chumvi, vito, kaharabu na metali. Gessner mwenyewe ana picha ya kaa aliyegeuka jiwe, sawa, lakini ana pia picha ya penseli. Penseli! Kipande cha grafiti kimechomekwa kwenye kishikio cha mti, na kimeingia kitabuni kwa sababu grafiti nayo huchimbwa. Ukimwambia mtazamaji kuwa hicho ni kitabu cha visukuku, akikuta penseli atakudai maelezo. Andika "vitu vya kuchimbuliwa", na jina zima litakaa: Kitabu cha maumbo na mifanano ya vitu vya kuchimbuliwa, hasa mawe na vito. Madini nalo lingekaribia, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni machimbo, ila siku hizi kila mwenye simu na ushauri "anashusha madini", basi tuliache lipumzike.

Sasa hiyo hadimu.

Hadimu ni mtumishi. Limetoka kwenye khadim la Kiarabu, kh yake ikalainika kama ilivyolainika ya khabari. Adimu ni kitu kisichopatikana kwa urahisi, nalo limetoka kwenye 'adim, wala ukoo wao si mmoja. Kwa hiyo kitabu hadimu ni kitabu mtumishi. Nakiona kimeamka alfajiri kabla ya vitabu vingine, kimefagia ua, kimechota maji, kimebandika chai, sasa kimesimama mlangoni mikono nyuma kinamngoja bwana. Kitabu cha 1565! Kimeponea panya, moto, unyevu na wajukuu wasiojua Kilatini kwa zaidi ya miaka 450, halafu mfasiri anakikabidhi ufagio.

Njia moja tu naiona ya kukuokoa. Kuna Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja, na lahaja ya Makunduchi huitwa pia Kihadimu. Ukipata kitabu cha mawe na vito kilichoandikwa kwa Kihadimu niletee haraka, nitakubali hadimu yako na adimu yangu kwa pamoja.

Utetezi nimekwisha kuusikia. Huja watu na elimu yao kidogo ya Kiarabu wakasema adimu linaanza na 'ain, sauti ya kooni, na h inawekwa kuienzi. Vizuri. Basi tuienzi kote: tuseme hakili, hadui, hasali na hadhabu, maana hayo yote yana 'ain. Mtu anayeandika "hadimu" kwa heshima ya 'ain huku akilamba asali bila h ana hakili ndogo, na hiyo h nimempa makusudi.

Ukweli ni mwepesi zaidi. Hawa ndio haohao wanaosema "apana", "uyu" na "apo". Wanaidondosha h kwenye maneno yenye haki nayo, kisha dhamiri inawasuta, wanaiokota na kuibandika kwa adimu asiyeihitaji. Katika mazungumzo namwacha mtu na ulimi wake, kila mmoja ana kwao. Kwenye maandishi yatakayotundikwa ukutani siwezi kunyamaza.

Na kabla hujatoroka, mchunge wa tatu: adhimu, yaani tukufu. Wazungumzaji wa majukwaani hushukuru kwa "fursa hii adimu" na "fursa hii adhimu" kama vile ni kitu kimoja. Fursa ya kuzungumza jukwaani nchini kwetu haijawahi kuwa adimu.

Ukitaka kitenzi, kipo: kuadimika. Mwaka 1726 Johann Beringer, daktari na profesa wa Würzburg, Ujerumani, alichapa kitabu cha mawe ya ajabu yenye vyura, buibui na hata herufi za Kiebrania. Yalikuwa ya kuchongwa, amechezewa na watu wa kazini kwake. Husimuliwa kwamba alimaliza fedha zake kununua nakala ili azifiche, na kwamba ndiyo maana kitabu kikaadimika. Mimi siapi kwa hadithi hiyo, lakini kitenzi nakiapia. Kikahadimika ingemaanisha kimeajiriwa.

Kuhusu viambishi: hakuna. Adimu hutembea peke yake kama safi, hodari na ghali. Kitabu adimu, vitabu adimu, vito adimu, mfasiri adimu. Nimewahi kukutana na "madini maadimu", nikaketi kwanza. "Vihadimu" bado, lakini sijakata tamaa.