Mtaalamu wa wadudu ana kazi gani kitaluni?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Umeniuliza: ukijikita kwenye elimu ya wadudu hapo Chuo Kikuu cha Sokoine, utapata kazi gani kwenye vitalu vya maua na bustani za huku Arusha na Moshi, wakati kila mwenye kitalu ana bomba lake la kupulizia dawa na duka la pembejeo liko jirani? Kazi ipo, na ipo kwa sababu hiyohiyo. Wenye mabomba ni wengi. Wanaojua lini wasipige dawa ni wachache mno.

Chukua utitiri mwekundu kwenye waridi, maana huyo atakusumbua kila kiangazi. Ana miguu minane, yuko upande wa buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimwezi. Mwenye kitalu akiona majani yana vidoa vya njano hupiga pairethroidi, dawa inayoua wadudu wa aina nyingi bila kubagua. Dawa inaua utitiri wawindaji na mbawakavu wadogo wanaomla, utitiri mwekundu anabaki bila adui. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 yai huwa mzazi kwa takriban wiki moja, kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu hali ni mbaya kuliko mwanzo. Hapo watu huongeza kipimo, au hununua chupa yenye jina jingine. Soma kibandiko: kama namba ya kundi la utendaji, yaani namna dawa inavyoua, ni ileile, dawa ni ileile, na usugu unazidi kujengeka.

Wewe anza na lenzi inayokuza mara 10 na karatasi nyeupe. Shika karatasi chini ya tawi, gonga tawi mara tatu, hesabu vinukta vinavyotembea. Kagua upande wa chini wa majani. Pita kitaluni kila wiki, siku ileile, ukianzia mimea iliyo karibu na mlango, barabara ya vumbi au ukuta unaorudisha joto, kwa sababu utitiri hupenda kuanzia palipokauka. Andika namba zote. Hesabu ya siku moja haitoshi kuamua. Tazama kama inapanda au inashuka. Tundika pia kadi za njano zenye gundi, moja kwa kila mita za mraba 100 hivi, juu kidogo ya vilele vya mimea. Zitakuonyesha inzi weupe na vidukari (wadudu wadogo wafyonzao utomvu) wenye mabawa. Utitiri hauna mabawa, kwa hiyo kadi safi isikudanganye.

Ukiukuta ungali mchache, kata majani yaliyoathirika zaidi, yafunge kwenye mfuko uyatoe nje, kisha osha kwa maji ya nguvu chini ya majani. Sabuni ya potasiamu, mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji, inafaa, lakini huua kile tu inachokilowesha. Ikikauka imekwisha nguvu. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Piga asubuhi mapema au jioni, na usiweke sabuni ya kufulia, inaunguza majani. Utitiri mwindaji, *Phytoseiulus persimilis*, hufanya kazi nzuri sana akiachiwa mapema na hewa ikiwa na unyevu. Ukimwachia juu ya majani yaliyopigwa pairethroidi wiki iliyopita, atakufa na fedha ya mteja itakuwa imepotea.

Jambo jingine utakaloitiwa mara nyingi ni majani meusi kama yamepakwa masizi. Wengi hupiga dawa ya ukungu. Ukungu huo unaota kwenye majimaji matamu yanayotolewa na vidung'ata, wale wenye unga mweupe, au vidugamba, na sisimizi huwalinda ili wayanywe. Zuia njia ya sisimizi kwanza, wadudu marafiki wapate nafasi.

Kwenye uzio wa saipresi ukiona matawi yanakauka, usikimbilie kulaumu ukame. Fungua ndani, utazame vijiti vya kahawia: kidukari wa saipresi, *Cinara*, alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990, na ameua miti mingi.

Kuhusu ajira, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni, Arusha. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na ndiyo inayosajili viuatilifu na kutoa cheti cha afya ya mimea inayosafirishwa. Mashamba ya vipandikizi vya maua ya Usa River yanahitaji watu wa ukaguzi kwa sababu ya cheti hicho. Huko mdudu mmoja anaweza kuzuia mzigo mzima. Bustani ya hoteli ni tofauti, majani machache yenye matundu hayamdhuru mgeni, na ukipiga dawa kwa ajili ya hayo unaharibu bure. Uwezo wa kutofautisha sehemu hizo mbili ndio utakaofanya uitwe tena.

Ukija kujiajiri, mkataba useme unalipwa kwa ukaguzi wa kila wiki na taarifa ya maandishi. Usikubali kulipwa kwa bomba, maana hapo kila ukimshauri mteja asipige utakuwa unajinyima. Na sharti la kwanza liwe hili: mche mpya wowote ukae peke yake wiki mbili hadi tatu, ukikaguliwa, kabla ya kuchanganywa na mingine. Vitalu vingi huwanunua wadudu wao pamoja na miche.

Kwa mafunzo ya vitendo, ukipewa kuchagua kati ya maabara na kitalu, nenda kitaluni kwanza. Niambie umepangiwa wapi nikutumie lenzi.

Baba yako,
Moshi