Maswali ya Wasomaji: Ukungu Mmoja, Namba Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, alfajiri moja ndege niliyopanda ilizunguka angani karibu nusu saa kwa sababu ya ukungu. Hatimaye rubani alitutangazia kwamba umbali wa kuona uwanjani bado ulikuwa mita 300, ila kwenye njia ya kutua ulikuwa umefika mita 600, kwa hiyo tungetua. Inawezekanaje ukungu mmoja utoe namba mbili, na hupimwa na nani? – Msafiri

JIBU: Ndugu Msafiri, namba zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa kila moja hujibu swali lake. Ya kwanza hueleza hali ya uwanja kwa jumla. Ya pili hueleza jambo moja tu: rubani aliye kwenye mstari wa katikati wa njia ataona alama au taa za njia hiyo hadi umbali gani. Taa zikiongezwa nguvu, namba hiyo hupanda ingawa ukungu haujapungua hata kidogo, na kukiwa bado giza inaweza kuwa mara mbili ya ile ya kwanza, au hata zaidi.

Pasipo na mitambo, mtu husimama mahali maalumu karibu na njia na kuhesabu taa anazoziona. Penye mitambo, kifaa kimoja hurusha mwale wa mwanga kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha hupima kiasi kilichofika. Kingine, kilicho kidogo na rahisi kutunza, hupima mwanga unaotawanywa na matone ya ukungu. Cha kwanza kioo chake kikichafuka hudhani uchafu ni ukungu, na cha pili hupima hewa kidogo mno, tena sharti kirekebishwe kwa kulinganishwa na cha kwanza. Kwa maoni yangu, kitambaa cha kusafishia vioo ni sehemu ya mtambo huo sawa na kompyuta yake.

Kompyuta huunganisha kipimo cha hewa, nguvu ya taa zilizowashwa na mwangaza wa mazingira. Kwa alama zinazoonekana mchana hutumia kanuni ya Koschmieder ya mwaka 1924, na kwa taa hutumia kanuni ya Allard ya mwaka 1876, kisha huchukua jibu lililo kubwa zaidi. Kifaa huwekwa kimo cha mita 2.5 hivi, si zaidi ya mita 120 kutoka mstari wa katikati, na takriban mita 300 baada ya mwanzo wa njia, ambako magurudumu hugusa ardhi. Viwanja vikubwa huongeza kingine katikati na kingine mwishoni, maana ukungu huweza kutanda upande mmoja wa njia na kuacha mwingine.

Kuhusu kuzunguka kwenu, utaratibu wa kawaida wa kutua kwa kuongozwa na vyombo vya ndege, yaani daraja la kwanza, hudai angalau mita 550 kwenye njia. Daraja la pili, lenye masharti makali zaidi kwa ndege, marubani na uwanja, hushuka hadi mita 300. Inaelekea rubani wenu alikuwa akiisubiri hiyo 550. Hata baada ya kuipata hakuwa na uhakika wa kutua, kwa sababu kifaa hupima hewa iliyo karibu na ardhi, ilhali yeye hutazama chini kwa mshazari kupitia ukungu wa juu. Akifika kimo cha uamuzi, ambacho katika daraja la kwanza hakipungui mita 60, bila kuona taa wala alama, hulazimika kupaa tena, vyovyote namba isemavyo.