Kabla hujasaini Camaro, soma stika zote mbili

Nimemiliki Camaro mbili, lile gari la michezo la Chevrolet. Ya kwanza niliinunua kwa macho, ya pili kwa kalamu. Kati ya hizo mbili kuna dola elfu kadhaa ambazo hazitarudi tena, na kwa kuwa hapa Minnesota hapiti mwezi bila kijana wa nyumbani kuniuliza "Kaka, nichukue SS au RS?", acha niandike mara moja yaishe.

Kwanza, swali lenyewe limekaa vibaya. SS ni daraja la gari: inakuja na injini yake, breki zake na springi zake. RS ni kifurushi cha mapambo: taa za mbele zenye pete inayong'aa, rimu kubwa zaidi kwa gari la V6 (injini ya silinda sita), taa za nyuma za aina yake. Unaweza kuwa na RS juu ya SS, na unaweza kuwa na RS juu ya gari la V6. Anayekuuzia RS kana kwamba ni SS ndogo, ama hajui au anajua sana.

Camaro ilikufa 2002. Ilipofufuliwa kwa toleo la 2010, bei zilizotangazwa zilikuwa dola 22,995 kwa LS, daraja la chini kabisa, na dola 30,995 kwa SS, usafirishaji kutoka kiwandani ukiwa ndani. Pengo la dola 8,000, basi. LS ilikuwa na V6 ya lita 3.6 yenye nguvu farasi 304. SS yenye gia za mkono ilikuwa na V8 ya lita 6.2, nguvu farasi 426, pamoja na breki za Brembo. Mimi pengo hilo silioni kubwa. Kila farasi wa ziada amekugharimu kama dola 66, breki umepewa juu yake, na hakuna fundi wa mtaani atakayekubadilishia V6 kuwa V8 kwa pesa hizo.

Pesa hupotea kuanzia hapo kwenda juu. Ukitoka 1SS, ile SS ya msingi, kwenda 2SS iliyoongezewa vikorombwezo, ulikuwa unapata viti vya ngozi vyenye joto, spika nzuri zaidi, geji nne mbele ya wenzo wa gia, na, kuanzia toleo la 2011, kasi yako ikiandikwa kwa mwanga kwenye kioo cha mbele. Vitu vizuri, sikatai. Lakini farasi ni wale wale 426. Tena ukitaka gia za kujibadilisha zenyewe ulikuwa unaongeza karibu dola 1,000 na kupewa V8 nyingine, yenye nguvu farasi 400, ambayo huzima nusu ya silinda gari likitembea bila kukanyagwa sana ili kuokoa mafuta. Unalipa zaidi ili upunguziwe farasi 26. Kwa foleni za mjini huenda ni sawa. Mimi sikuwa hata najua.

Niliingia yadi mwaka 2010, theluji ndiyo kwanza imeyeyuka, nikaliona limeegeshwa pembeni: rangi ya chungwa, 2SS, RS, otomatiki. Nilikuwa na miaka 26 na kazi ya usiku yenye ovataimu. Nililizunguka mara tatu kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Dirishani palikuwa na stika mbili, na hapo ndipo ningepaswa kutulia.

Stika ya kwanza ni ya sheria. Inaitwa Monroney, kwa jina la seneta Mike Monroney wa Oklahoma aliyesimamia sheria yake mwaka 1958, na muuzaji haruhusiwi kuibandua kabla gari halijamfikia mnunuzi. Ina bei ya msingi, kila kikorombwezo na bei yake, gharama ya usafirishaji, na jumla. Stika ya pili ilikuwa ya yadi yenyewe. Kinga ya rangi. Naitrojeni kwenye tairi, wakati hewa tunayovuta bure tayari ni naitrojeni asilimia 78. Mstari mwembamba ubavuni ambao hadi leo naamini ulichorwa kwa gundi ya shule. Na chini kabisa, bila kitu chochote cha kushika mkononi: "marekebisho ya bei ya soko", dola 3,000.

Nikamuuliza muuzaji hiyo ni ya nini. Akacheka kwa upole. "Magari haya yanagombaniwa, bwana." Kisha akaniuliza swali lililonimaliza: "Ungependa kulipa ngapi kwa mwezi?"

Ukiulizwa swali hilo, usitaje namba. Ukishasema dola 600, yeye ataunyoosha mkopo hadi miezi 72 na ndani yake ataweka naitrojeni, mstari, soko na bado zitabaki dola 600. Wewe uliza bei ya kutoka getini: gari, kodi, usajili na ada ya karatasi zao, namba moja iliyoandikwa. Na uende ukiwa tayari na barua ya mkopo kutoka Sacco za huku (credit union), ambazo mara nyingi riba yake ni nafuu. Hapo ofisi ya mikopo ya yadi italazimika kushindana nayo, badala ya kukupangia. Gharama ya usafirishaji usihangaike kuipigania, haipungui. Vilivyo kwenye stika ya pili ndivyo vya kugomea, kimoja kimoja.

Mimi sikugomea hata kimoja. Jioni hiyo nilimpelekea shemeji yangu gari akalione. Shemeji ni fundi, mtu wa Likoni, maneno yake machache. Akachuchumaa mbele ya taa.

"Hiki kipete kinafanya nini?"

"Ni RS hiyo, shemeji."

"Kinaongeza mwendo?"

Nikanyamaza. Akainuka, akapangusa magoti. "Haya. Mungu akuwekee."

Novemba ikafika. Tairi ambazo SS ilitoka nazo kiwandani ni za kiangazi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi mpira unakuwa mgumu, na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikitoka nyumbani kwenda kazini saa nne usiku, nilikanyaga mafuta kidogo tu kwenye kona ya mtaa. Gari likageuka lenyewe taratibu, likakaa kimya likiwa limekingama barabarani kama mashua iliyoachwa na maji kupwa. Sikugonga kitu. Ila niligundua kwamba seti ya pili ya tairi na rimu za theluji ni pesa nyingi, na kwamba pesa hiyo nilikuwa nimeshaimalizia kwenye pete za taa. Kama unaishi kwenye theluji, tairi za baridi ziandike kwenye bajeti kabla ya kikorombwezo cha kwanza. Bima vilevile: chukua namba ya chesisi, piga simu, upewe bei ya V6 na ya SS kwa umri wako, ndipo urudi yadi. Yangu ilipita nusu ya rejesho la mkopo.

Usidhani mchezo huu wa vifurushi ni wa jana. Z28, jina la Camaro ambalo watu wanalitaja kama la mtakatifu, lilianza kama namba ya kifurushi tu kwenye fomu ya oda ya 1967. Haikuwa hata na nembo. Ukiiagiza unalazimika kuchukua gia nne za mkono na breki za diski mbele, kwa sababu ilitengenezwa ili gari liruhusiwe kwenye mbio za Trans-Am, zilizokuwa na kikomo cha injini ya lita 5. Zilitoka 602 tu mwaka huo. Mwaka 1969 ikaja ZL1, injini ya aluminiamu ambayo peke yake ilipita dola 4,000 na kufanya gari kuwa ghali maradufu. Zikatengenezwa 69, na nyingine zikakaa yadi muda mrefu bila mtu. Leo zinapigwa mnada kwa laki kadhaa za dola. Kumbuka lakini: kilichokuja kuwa na thamani ni injini.

Kuna wanaoniambia watanunua kisha wapeleke nyumbani. Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, wala yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo sahau. Kinachochekesha ni kwamba uhandisi wa Camaro hii ulifanywa kwa sehemu kubwa na Holden, lililokuwa tawi la GM (General Motors, wenye Chevrolet) huko Australia, ambako barabarani wanakaa kushoto kama sisi, na bado haikutoka kiwandani na usukani wa kulia.

Ile ya chungwa niliiuza baada ya miaka mitatu kwa hasara. Ya pili niliipata 2016, 1SS ya 2011, gia za mkono, viti vya kitambaa, madirisha membamba kama matundu ya mizinga ya Fort Jesus. Tangazo lilisema "SS/RS" na nembo ya RS ilikuwepo mbele. Safari hii nilikwenda na shemeji. Kila gari la GM la miaka hiyo lina stika ndogo iliyojaa misimbo ya herufi na tarakimu tatu tatu, orodha ya alichoagiza mnunuzi wa kwanza. Tulitafuta LS3, ile V8 ya gia za mkono, ilikuwepo. Tukatafuta WRS, ambayo ndiyo RS. Shemeji akapitisha kidole mstari kwa mstari, mara mbili, haikuwepo. Nembo na taa zilinunuliwa mtandaoni.

Mwenye gari akaona haya kidogo, akapunguza dola 1,200 bila mabishano. Pete za taa zinawaka hadi leo.