Wavu wa rangi wa Hakone: umefumwa kwa mkono

Je, wavu wa rangi wa Hakone umefumwa kwa mashine? Hapana, si mashine. Wavu ule wa rangi kwenye makumbusho ya Hakone, Japani, ambao watoto wanaruka na kuning'inia ndani yake, msanii Toshiko Horiuchi MacAdam aliufuma kwa mkono, kwa kroshia na uzi wa nailoni. Nafuma kroshia, na jicho langu linakwenda kwenye vitundu: kila kimoja kinabeba kingine, mtoto akikanyaga huku, wavu unatikisika kule na mwenzake anausikia mwilini. Kitambaa kilichokazwa hakiwezi kukupa hivyo.

Na kushika kunaruhusiwa, ndiyo maana yake yote. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kutazamwa tu, mpaka watoto wawili walipopanda juu ya mojawapo kwenye maonyesho, akaona kazi imepata uhai. Tangu hapo akawafumia watoto. Nampenda sana kwa hilo.

Ila wakubwa hatuingii, tunatazama kutoka nje. Na lile jengo la mbao lililoufunika, la 2009, ni la kampuni ya wasanifu majengo Tezuka Architects; watu huwachanganya wao na msanii aliyefuma wavu.